Kiganja Ubavuni mwa Kambare

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, Zahoro alikuwa amechutama kwenye kibanda chake chini ya ngazi, Mtaa wa Mkunguni, akivuta kwa mdomo maji ya tangi kwenye mpira, simu ikaita. Ilimbidi ateme kwanza. Mtu aliyeifanya kazi hiyo ya kuganga samaki wa matangini miaka ishirini na sita huzoea ladha ya maji ya samaki, lakini kuongea nayo mdomoni hajazoea mtu.

Aliyepiga ni Idrisa, muuza vitenge wa Mtaa wa Likoma, mwenye jengo la ghorofa saba lenye jina la mama yake kwa herufi za shaba juu ya mlango.

"Shikamoo, mzee Zahoro. Kambare wangu kaota kitu."

"Marahaba. Kitu gani? Vidoa vidogo kama chembe za chumvi?"

"Hapana."

"Nyuzinyuzi, kama pamba iliyolowa?"

"Wala. We njoo uone mwenyewe."

"Mmemtilia chochote?"

Idrisa akakohoa. "Mama watoto kamtilia chumvi. Kidogo tu. Ngumi moja."

Zahoro akafumba macho. Hilo ndilo kosa la Kariakoo, na hakuwa na nguvu tena za kulikasirikia. Katika nyumba zile, kila kinachoumwa hutibiwa kama mtu wa nyumba. Alishakuta karafuu ndani ya tangi, alishakuta maji ya waridi, na Mtaa wa Narung'ombe alikuta tangi limemiminiwa kombe la aya za Kurani, zafarani imeyageuza maji yote rangi ya chai, na shehe aliyeliandika amekaa kwenye kochi anasubiri matokeo. Samaki yule alipona, na shehe hakuacha kumkumbusha Zahoro jambo hilo kila walipokutana.

Lakini kambare si wa kufanyiwa majaribio. Samaki wengine wamevaa magamba; yeye ana ngozi tupu. Anaonjea mwili mzima, kuanzia ndevu mpaka mkia, na chochote kinachoingia majini anakipata chote. Ndiyo maana dawa yoyote ya samaki, kambare hupewa nusu. Zahoro alikuwa ameliandika hilo kwa kalamu nene juu ya boksi lake la dawa, ingawa hakukuwa na mtu mwingine wa kulisoma.

Akafunga kibanda, akaenda kwa miguu, akijipenyeza kati ya mikokoteni na wachuuzi wa soksi. Alikifahamu vizuri kile kiwanja cha Mtaa wa Likoma kabla hakijaota ghorofa. Palikuwa na nyumba ya vyumba sita, uani na baraza ya mbele, na mwenyewe, Bi Sitara, mama yake Idrisa, alikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua Kariakoo, wa dini yoyote, aliitwa Bi Sitara na maji yake ya moto, akamkanda siku arobaini. Waridi, mke wa Zahoro, alikandwa naye alipomzaa Najma. Zahoro alikuwa akikaa ukumbini akisikia maji yanamiminwa na mkewe anacheka na kulia kwa pamoja.

Ghorofa ya saba mlango ulifunguliwa na Violeth, mwanamke wa makamo kutoka Masasi, aliyepika na kufua hapo mchana na kurudi kwake Magomeni jioni. Alikuwa ameshika mwiko.

"Shikamoo. Yupo pale, anakusubiri," akasema, akimwonyesha tangi kwa mwiko.

Kambare alikuwa mweusi, mrefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Zahoro alianza kama anavyoanza siku zote, kwa kutofanya kitu. Akavuta kiti, akatazama. Anapumua vizuri, matamvua hayajavimba. Mapezi yamekunjuka. Hajisugui kwenye mawe. Ndipo samaki akageuka, akaonyesha ubavu wa kushoto, na juu yake pakawa na kiganja.

Kilikuwa cheupe, cheupe cha ngozi iliyokaa majini, na kilikamilika: vidole vitano, mistari yote, kifundo kimoja kimevimba kwa baridi yabisi. Mkono wa kulia, wa mwanamke, wa mtu mzima sana. Zahoro akalowanisha mikono yake kwanza, maana mkono mkavu humchuna kambare ute wake, akampitishia kidole. Hapakuwa na jeraha wala utelezi uliozidi. Akafikiri kidogo, akaamua kuwa ni ukungu wa aina ambayo hakuwahi kuiona, na fundi hana dhambi kwa ambacho hajawahi kukiona. Akabadilisha theluthi ya maji ili kupunguza ile ngumi ya chumvi, akachovya pamba kwenye dawa ya bluu, kipimo nusu, akapaka kiganja chote. Ilikuwa saa sita na robo. Adhana ya adhuhuri ikaanza msikiti wa jirani, akaufunga mkoba.

Alhamisi alirudi. Kiganja hakikuwa kimepungua hata ukucha. Kilikuwa kimegeuka bluu tu.

"Na Bi Mkubwa naye," Violeth akasema, akiwa anachambua mchele. "Kiganja cha kulia kimekuwa bluu mpaka kwenye kifundo cha mkono, hapa. Nimemsugua na sabuni ya kufulia, haitoki."

"Tangu lini?"

"Juzi. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaanza. Na analalamika, anasema kiganja kinaonja kitu kichungu."

"Basi nimekosea dawa," Zahoro akasema.

Violeth akakubali kwa kichwa, akatoa punje mbovu, akaitupa pembeni. Mwisho wa ujia kulikuwa na mlango wa mbao wenye komeo kwa upande wa nje. Zahoro alikuwa ameuona Jumanne akadhani ni stoo. Violeth akamweleza bila kuinua sauti. Bi Sitara, tangu alipohamishiwa juu, alikuwa na tabia ya kushuka na lifti mpaka chini, kwenye duka la simu, mahali ilipokuwa baraza yake. Akikaa pale sakafuni, wateja wakiingia anawaambia wavue viatu. Wajawazito anawashika tumbo. Mteja mmoja kutoka Lubumbashi alivua viatu kweli, akaombewa dua, akaondoka amefurahi, lakini wapangaji walipeleka malalamiko. Kwa hiyo Idrisa akaweka komeo, kwa usalama wake. Sasa yapata mwaka na miezi minne. Mlango hufunguliwa mara tatu kwa siku kupitisha sahani, na mara moja kwa kuoga.

"Wewe hukai naye?" Zahoro akauliza.

"Nimekatazwa kukaa. Nikikaa ananishika mkono haniachii, na vyombo nitaosha saa ngapi?" Akapepeta ungo. "Mimi namwonea huruma, mzee. Lakini kazi ni ya watu."

Zahoro akakunja shati, akaingiza mkono tangini ili amfute samaki ile dawa aliyokosea. Akakifunika kiganja cha bluu kwa kiganja chake, ukubwa ukalingana. Ndipo vile vidole vya ubavuni vikajikunja, vikamshika.

Vilikuwa na joto. Gumba lilibonyeza kwanza, likatulia, kisha vidole vingine vinne vikafuata, na Zahoro akamjua mwenyewe, kwa sababu Waridi alikuwa akimsimulia usiku, miaka thelathini na mbili iliyopita, jinsi Bi Sitara anavyobonyeza. Akabaki ameinama, maji yamefika juu ya kiwiko, mkono wa shati unalowa.

Waridi alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Tangu siku hiyo Zahoro alipewa mikono ya salamu msikitini, akasukumwa na wabeba mizigo, akakanyagwa kituoni. Najma alikuwa Mwanza, akipiga simu kila Ijumaa na kumuuliza kama amekula. Mtu anaweza kuishi Kariakoo, mahali ambapo huwezi kunyoosha kiwiko bila kumgonga mwenzio, mwaka ukaisha bila mtu hata mmoja kumgusa kwa kukusudia. Hilo Zahoro hakuwahi kumwambia mtu, na hakuwa na wa kumwambia. Sasa alisimama sebuleni mwa watu akiwa ameshikwa mkono na kambare. Alikaa hivyo mpaka mchele ukachemka na harufu yake ikajaa nyumba.

Jumamosi alasiri aliomba kuonana na mwenye samaki. Idrisa alipanda kutoka dukani na simu mbili mkononi, akakaa. Husna, mkewe, akaleta juisi ya ukwaju. Husna hakuwa mtu mbaya. Kanga za mama mkwe wake alizipiga pasi mwenyewe, kila wiki, akazikunja na udi ndani yake, akazituma na sahani ya mchana.

"Nimeshajua anachoumwa," Zahoro akasema. "Si ukungu. Ule ni mkono wa Bi Sitara."

"Ni wa mama, naujua," Idrisa akasema. "Niliujua siku ile ile. Kile kifundo kilichovimba, nimelelewa nacho. Sasa dawa yake nini?"

Zahoro akanywa juisi kidogo ili apate muda. Alikuwa amejiandaa kueleza, akakuta hakuna cha kueleza.

"Dawa yake ni mtu akae naye. Mtoto wake, ikiwezekana. Amshike mkono nusu saa, kila siku baada ya alasiri."

"Kila siku?"

"Nusu saa tu. Ni kwa sababu ni kambare. Angekuwa na magamba, ningesema saa nzima."

Idrisa akazitazama simu zake. Akasema, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba saa ile ndiyo wateja wa Lubumbashi na wa Ngazija wanafunga mizigo, na asipokuwepo robota la Mkongo linakwenda kwa Mngazija. Husna akasema yeye angekaa, lakini mama akimshika humwita kwa majina ya wazazi wote aliowakanda, mmoja mmoja, na wengi wao wameshakufa, na yeye hulala na majina hayo masikioni.

"Hakuna ya chupa?" Idrisa akauliza.

"Ya chupa hakuna."

"Na tukimnunulia televisheni?" Husna akasema.

"Anayo," Violeth akajibu kutoka jikoni.

Kambare akageuka, kiganja kikawatazama. Bluu ilikuwa imeanza kuchujuka.

"Basi niruhusuni mimi," Zahoro akasema. "Mimi nina nafasi. Nitakuja, nitaingia, nitakaa naye."

Idrisa akasikitika kwa niaba yake. "Mzee wangu. Mwanamume wa nje aingie chumbani kwa mama yangu? Watu watanielewaje?"

"Ana miaka themanini na mbili, Idrisa."

"Hata kama. Yule ni Bi Sitara. Lazima nimlindie heshima yake."

"Heshima yake si lile komeo," Zahoro akasema, na sauti yake ikapanda kuliko alivyotaka. "Kariakoo nzima imepita mikononi mwake. Leo anatafuta wa kumshika mpaka anapitia kwa samaki!"

Hakuna aliyekasirika. Husna akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Idrisa akainamisha kichwa muda mrefu, akawa kama mtoto aliyekemewa, na Zahoro akadhani atainuka, atembee hatua saba mpaka kwenye ule mlango na kulivuta komeo. Simu moja ikaanza kutetemeka mezani. Idrisa akaizima. Alipoinua uso alikuwa amepata suluhisho, na lilimfurahisha.

"Wewe uje, mzee. Kila siku, baada ya alasiri, hiyo hiyo nusu saa. Umshike huyo samaki. Si kitu kile kile?"

Zahoro alitaka kusema hapana. Alikuwa na maneno ya kusema, na yalikuwa mazuri. Lakini akakikumbuka chumba chake cha Magomeni, kitanda kilichobonyea upande mmoja, redio, sufuria la mtu mmoja. Akakumbuka gumba lile linavyobonyeza. Akasema atajaribu, na aliona haya aliposema, na alipokuwa anashuka na lifti bado aliona haya.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alasiri Zahoro alifunga kibanda, akapanda ghorofa ya saba, akalowanisha mkono, akaketi. Wiki ya kwanza bluu ilitoka yote. Wiki ya pili kambare alianza kula tena minyoo, ngozi ikang'aa, na yeye mwenyewe alijisogeza kwenye kioo saa ikifika. Bi Sitara naye, kwa maelezo ya Violeth, alikuwa anamaliza chakula chake, na hakulalamika tena ladha yoyote mkononi. Kiganja hakikupotea. Idrisa hakujali, maana aliambiwa hakiambukizi, na wageni walikipenda. Wafanyabiashara waliokuja kunywa kahawa walisogea kwenye kioo, wakasema, "Mkono wa Bi Sitara huo, Mungu amzidishie umri," wakarudi kwenye makochi yao kuzungumzia bandari. Wengi wao walikuwa wamezaliwa na wanawake aliowakanda. Hakuna aliyeuliza mwenyewe yuko wapi, kwa sababu wote walijua.

Habari ikatembea. Mtaa wa Aggrey aliitwa kumwona kambare mwenye unyayo mgongoni, Kisutu mwenye shavu la mzee lenye ndevu za mvi zilizonyolewa wiki iliyopita. Zahoro alikagua kama kawaida, matamvua, mapezi, ute. Kisha akauliza ni chumba gani cha nyuma, wakamwonyesha. Akawapa dawa ile ile. Wote waliielewa mara moja, na wote waliuliza kama hakuna ya chupa.

Mwezi wa tatu Husna alinunua makochi mapya, ya kona, na tangi likakosa mahali sebuleni. Wakalisogeza kwenye ujia, mwisho kabisa, likakaa limegusana na mlango wa mbao. Zahoro alisaidia kulibeba na kuyatuliza maji. Kuanzia siku hiyo aliketi kwenye stuli, mkono mmoja majini, bega limeegemea mlango. Kutoka pale aliweza kusikia kitanda kikilia upande wa pili, na feni, na mtu akivuta pumzi.

Siku moja ya Jumatano, Idrisa alikuwa amepanda mapema. Alikuwa sebuleni, kwenye kochi jipya, akizungumza na simu kuhusu marobota yaliyochelewa. Zahoro alikuwa ameshikwa kama dakika kumi hivi. Kitanda kikalia. Kukawa na mburuzo wa miguu, taratibu, ukasogea mpaka ukafika nyuma ya bega lake.

"Idrisa?" sauti ikasema.

Zahoro akaondoa bega mlangoni.

"Idrisa, mwanangu. Ni wewe unayenishika siku zote hizi?"

Sebuleni maneno yakakatika. Zahoro aligeuza shingo, akamwona Idrisa ameishusha simu, ameielekeza sakafuni, anautazama mlango. Kutoka pale alipokaa hadi kwenye komeo hazikuwa hata hatua kumi. Macho yao yakakutana. Zahoro akamwonyesha mlango kwa kichwa. Idrisa akatikisa cha kwake, pole pole, kisha akainua kidevu kumwelekea Zahoro, kama anavyowaelekeza vijana wa dukani wamhudumie mteja.

"Idrisa?"

"Ndiyo, mama," Zahoro akasema. "Ni mimi."

"Alhamdulillahi. Nilijua tu. Nilimwambia Violeth, yule Mmakua wangu, huyo ni mwanangu, nani mwingine atanikumbuka." Vidole ubavuni mwa kambare vilimbana, vikaachia, vikaanza kumkanda, kutoka kwenye kifundo kwenda ncha za vidole, kwa nguvu ambayo hakuitegemea kwa mtu wa umri ule. Kisha vikasimama katikati ya kiganja chake, pale ambapo chumvi na dawa za miaka ishirini na sita zilikuwa zimeikausha ngozi mpaka ikapasuka. Vikakaa pale, vikipapasa.

"Mbona mkono wako umekauka hivi, baba? Kwani nyumbani hakuna hata wa kukupaka mafuta?"

"Hakuna, mama," Zahoro akasema.

Sebuleni, Idrisa alirudisha simu sikioni, akaomba radhi kwa kukatika, akaendelea na marobota.